Mchwa nao ni mende

Nikimwambia mtu nafanya utafiti wa mende, swali la kwanza ni dawa gani inawaua. Naelewa, manake mende anayemjua ni yule wa jikoni na chooni. Lakini spishi za mende zilizopewa majina zimepita 4,500 na zinazosumbua majumbani ni kama 30 tu hivi, waliobaki wako huko porini wanakula majani makavu na magogo yaliyooza na jiko lako hawatakaa waliona. Na yule mkubwa mwekundu wa kwenye chemba za maji machafu, Periplaneta americana, hilo jina la americana alipewa mwaka 1758 na Linnaeus, yule Mswidi aliyeanzisha majina ya kisayansi, wakati asili yake ni Afrika, Marekani alifikishwa na meli.

Ila leo nataka niongelee mchwa, kwa sababu mchwa ni mende.

Sisemi wanafanana, nasema ni tawi la ukoo huohuo wa mende. Zamani mchwa walikuwa na oda yao peke yao, yani kundi kubwa la wadudu, iliitwa Isoptera, na wengi tumefundishwa hivyo. Mwaka 2007 watafiti Daegan Inward, George Beccaloni na Paul Eggleton wakachapisha matokeo ya DNA, mchwa wakaonekana wamekaa katikati kabisa ya mende, na ndugu yao wa karibu kuliko wote ni mende mmoja anaitwa Cryptocercus. Kwahiyo ukihesabu mende ukawaacha mchwa ni sawa na kuhesabu watoto wa nyumba moja ukamruka mmoja eti kwa vile amehama na kubadilika sura.

Sasa huyo Cryptocercus ndo nampenda sana. Hana mabawa, anaishi ndani ya magogo yaliyooza huko Marekani Kaskazini na mashariki mwa Asia, baba na mama wanakaa humo na watoto wao miaka kadhaa. Mbao sio chakula rahisi, tumboni lazima uwe na protozoa, vijidudu vya seli moja, wa kukusaidia kuisaga, na mtoto hazaliwi nao, anawapata kwa kula majimaji yanayotoka nyuma ya mzazi wake. Mtafiti L. R. Cleveland alishaandika mwaka 1934 kwamba protozoa hao wanafanana mno na wa mchwa! Na mchwa mwenye protozoa hao kila akijivua ngozi anawapoteza, mpaka alishwe tena na mwenzake, yani akiwa peke yake anakufa njaa na mbao ziko mdomoni. Mimi naamini maisha ya pamoja ya mchwa yalianzia hapo, kwenye kulishana.

Ushahidi mwingine kwamba mchwa ni mende uko kaskazini mwa Australia, kuna mchwa anaitwa Mastotermes, mayai yake anayataga yakiwa yamepangwa na kugandana kama kile kifuko cha mayai ya mende, na mwilini bado ana bakteria haohao wanaoishi kwenye mafuta ya mende.

Hawa wetu wanaojenga vichuguu vikubwa, Macrotermes, protozoa walishaachana nao kitambo, wao wanalima. Wanaokota majani na vijiti vikavu, wanavila, kinyesi wanakipanga ndani ya kichuguu na juu yake wanaotesha kuvu anaitwa Termitomyces anayelainisha hicho chakula. Mvua zikinyesha ndo unaona ule uyoga mkubwa mtamu umechomoza pale juu, huo umelimwa na mende jamani.

Na kumbikumbi ni haohao, ndo mchwa wenye mabawa wanaotoka kwenda kuoana. Siku wakiruka usikimbilie sufuria kwanza, waangalie wakishatua chini. Mabawa yanadondoka, jike anatangulia, dume anamfuata nyuma nyuma, wanachimba shimo wawili na kujifungia humo. Dume la siafu likishapanda linakufa, ila dume la mchwa linabaki na mke wake miaka na miaka, watoto wa kwanza wanawalea pamoja, kama wale mende ndani ya gogo.