Gari linarudi nyuma mlimani: dhana potofu na ukweli

Kabla hujafungua boneti, jiulize: gari lilipoanza kurudi, lilikuwa limeshikwa na nini? Mguu kwenye breki, handbreki, P (gia ya kuegesha), D (gia ya kwenda mbele), au klachi? Kila kimoja kina ugonjwa wake, na pesa nyingi hupotea kwa kutibu kisichoumwa.

"Otomatiki hairudi nyuma. Ikirudi, giaboksi imekufa."

Si kweli, mwanzo hadi mwisho. Otomatiki nyingi zikiwa kwenye D husukumwa na torki konveta, yaani kifaa kinachopeleka nguvu kwa oili inayozungushwa na injini. Usipokanyaga mafuta, injini iko kwenye mizunguko 600 hadi 800 tu kwa dakika. Nguvu hiyo inashika gari kwenye mwinuko mdogo. Kwenye mwinuko mkali, mfano foleni ikikukamata katikati ya mlima Kitonga, hata gari zima kabisa linaweza kurudi, na hapo dawa ni breki.

Kinachotia shaka ni mabadiliko: kilima kilekile, zamani lilishika, sasa linarudi. Anza na vya bei rahisi. Angalia kama mizunguko imeshuka kuliko kawaida yake, maana throtoli (mlango wa hewa ya injini) iliyojaa masizi huleta hilo. Kisha pima oili ya giaboksi. Kwa Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia oili, gari liwe tambarare, injini iwe imepata moto na inaendelea kuwaka. Pitisha gia zote kuanzia P hadi ya mwisho, rudi P, ndipo usome alama ya HOT. Honda nyingi za otomatiki ya kawaida hupimwa injini ikiwa imezimwa, ndani ya dakika moja na nusu. Ukichanganya taratibu hizi, utaongeza oili ambayo gari halikuihitaji. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, huku injini inapiga kelele na gari halisogei, hapo klachi za ndani ndizo za kushukiwa.

Honda Fit za toleo la kwanza, lililotoka 2001, zenye CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za hatua) zina tabia yake. CVT ile haina torki konveta. Ina klachi ya kuondokea inayofanya kazi ndani ya oili. Likirudi kidogo na kutetemeka wakati wa kuondoka, badilisha kwanza oili, uweke HMMF (oili ya Honda ya CVT hiyo) na si ATF (oili ya otomatiki) ya kawaida, kabla hujakubali kuteremsha giaboksi.

"Gari la manual likirudi, klachi imekwisha."

Ukikanyaga klachi, injini na magurudumu havishikani tena, kwa hiyo gari lolote litarudi. Klachi iliyoisha hujionyesha kwingine: unapanda mlima, mshale wa mizunguko unapanda, mwendo haupandi. Ipime mahali tambarare palipo wazi: handbreki juu, gia ya tatu, mafuta kidogo, achia klachi taratibu. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, inateleza. Usirudie rudie, unaiunguza. Vivyo hivyo dereva anayesimama mlimani kwa kuchezea klachi badala ya kuvuta handbreki anaimaliza mwenyewe.

"Handbreki imelegea, kaza waya."

Hili ni kosa linaloharibu magari mengi. Waya hurekebishwa mwisho. Ukiukaza wakati shuu (vipande vinavyobana dramu kwa ndani) zimeisha au ziko mbali na dramu, unaficha tatizo, na mara nyingi breki zinabaki zimeshika, dramu inapata moto na mafuta yanalika bure.

Utaratibu sahihi ni huu. Zuia magurudumu ya mbele, inua nyuma kwa jeki na uweke stendi, shusha handbreki, legeza nati ya waya. Fungua dramu. Ukiona majimaji, silinda ya gurudumu au sili ya ekseli inavuja. Shuu zilizolowa hazisafishiki, zibadilishwe pande zote mbili. Zikiwa nzima, rudisha dramu na zungusha kirekebishio chenye meno mpaka gurudumu ligome, kisha kirudishe nyuma mpaka lizunguke bila kukwaruza. Kwenye Toyota nyingi zenye diski nyuma na shuu ndogo za handbreki ndani yake, kipimo ni kurudisha meno 8. Kanyaga breki mara kadhaa, ndipo ukaze waya. Mkono uvutwe kwa nguvu ya kama kilo 20 na uhesabu milio. Idadi kamili imo kwenye kitabu cha gari, kwa kawaida ni kati ya 5 na 9.

"Pedali inazama, ongeza mafuta ya breki."

Umesimama mlimani, mguu haujaondoka, lakini pedali inashuka polepole na gari linaanza kuteleza. Kama kiwango cha mafuta hakipungui na hakuna gurudumu lililolowa, mshukiwa ni raba za ndani za masta silinda (pampu kuu ya breki): presha inapita pembeni. Kuongeza mafuta hakusaidii kitu, na gari hilo lisiendeshwe. Ila pedali kushuka kidogo mara moja unapowasha injini ni kawaida. Hiyo ni busta, kifaa kinachoongezea mguu nguvu ya breki.

"P inatosha."

P ni kijino cha chuma kinachoingia kwenye gurudumu la meno ndani ya giaboksi. Usikibebeshe gari zima. Ukiwa umekanyaga breki, weka N (gia huru), vuta handbreki, achia breki mpaka uzito ukae kwenye handbreki, kanyaga tena, ndipo uweke P. Kando ya barabara yenye ukingo, kwa sisi tunaoendesha kushoto, ukiwa umeelekea juu kata usukani kulia. Ukielekea chini, kata kushoto. Pasipo na ukingo, kata kushoto kote kuwili, ili gari likiponyoka liondoke barabarani.

"Gari jipya linajishika lenyewe."

Lenye msaada wa kuondokea mlimani linajishika kwa kama sekunde 2 baada ya kuachia breki, basi. Tena kazi hiyo hufanywa na mfumo wa ABS (unaozuia magurudumu kukwama unapofunga breki): taa ya ABS ikiwaka kwenye dashibodi kwa sababu ya sensa ya gurudumu, msaada huo nao kwa kawaida unazimika.