Popo mla matunda na popo mnywa damu: dhana potofu na ukweli

Popo wamepewa sifa moja mbaya, nao ni viumbe wa namna nyingi mno. Chukua wawili tu: mla matunda Eidolon helvum wa Afrika, wa familia ya Pteropodidae, na mnywa damu Desmodus rotundus wa Amerika ya Kati na Kusini, wa familia ya Phyllostomidae.

Dhana: Popo wote hunywa damu.
Ukweli: Kuna spishi zaidi ya 1,400 za popo. Zinazoishi kwa damu ni tatu tu, zote za bara la Amerika. Eidolon hula matunda na nekta (maji matamu ya maua), ingawa yeye ndiye mkubwa: mabawa yake yakikunjuliwa hufikia sentimita 75 hivi. Desmodus ana uzito wa gramu 30 hadi 40 tu.

Dhana: Popo ni vipofu.
Ukweli: Wote wawili wanaona. Eidolon hutafuta chakula kwa macho yake makubwa na kwa kunusa, bila kutumia mwangwi, yaani kutoa sauti na kusikiliza inavyorudi ili kujua kilichopo mbele. Desmodus hutumia mwangwi, tena puani ana vihisi vya joto vinavyomwonyesha mahali damu inapopita karibu na ngozi.

Dhana: Mnywa damu hufyonza mpaka mnyama akaishiwa.
Ukweli: Hafyonzi, hulamba. Hutua, humwendea mnyama kwa miguu (anaweza hata kukimbia), humkata kidogo kwa meno ya mbele, na mate yake huzuia damu kuganda. Kwa usiku hunywa mililita 20 hivi. Hasara kubwa kwa wafugaji ni kichaa cha mbwa anachoweza kuambukiza mifugo.

Na wanywa damu hawa si wachoyo hata kidogo. Desmodus akikosa mlo kwa siku mbili tatu hufa njaa, hivyo aliyeshiba humtapikia mwenzake damu. Mwanabiolojia Gerald Wilkinson alieleza jambo hili mwaka 1984 baada ya kuwachunguza Costa Rica: husaidiwa ndugu, na pia wasio ndugu waliozoeana. Kwangu mimi, hakuna kinachoivunja picha ya zimwi kama hiki.

Dhana: Mla matunda ni mharibifu tu.
Ukweli: Huruka makumi ya kilomita kwa usiku mmoja akidondosha mbegu, hata kwenye ardhi iliyokatwa miti. Kati ya Oktoba na Desemba mamilioni yao hukusanyika katika hifadhi ya Kasanka, Zambia. Hata hivyo huwindwa kwa nyama, hasa Afrika Magharibi, na miti wanamolala hukatwa. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, imewaorodhesha kuwa wanakaribia kuwa hatarini kutoweka. Desmodus anayeogopwa, kwa sababu ya wingi wa ng'ombe, anastawi.