Seva ikiandika "nobody cared": yanayosemwa Lamu na ukweli wake

Seva ya nyumbani hapa Lamu aghalabu ni kompyuta ya mezani ya mtumba iliyovushwa kwa boti kutoka Mokowe, ikawekewa Linux na diski mbili, ikaachwa pembeni ihifadhi picha za harusi, darasa za msikitini au kamera za nyumba ya wageni. Siku diski inapoanza kusoma kwa kujikokota au USB inapokatika, mwenyewe hufungua dmesg, yaani orodha ya ujumbe wa keneli (kiini cha Linux), akakuta irq 16: nobody cared (yaani, laini ya interapti nambari 16: hakuna aliyejali), kisha lundo la herufi na nambari, na mwisho Disabling IRQ #16. Hapo ushauri huanza kumiminika, na mwingi humpotezea mtu mashine nzima.

"Mazabodi imekufa, tafuta nyingine."

Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana mara nyingi mazabodi, bodi kuu ya kompyuta, iko salama. Interapti ni ishara ambayo kadi ya mtandao, diski au USB huipelekea prosesa kuijulisha kwamba kuna kazi. Katika mfumo wa PCI wa zamani, njia ya kuunganisha kadi na mazabodi, vifaa kadhaa hutumia laini moja, kama nyumba ya wapangaji yenye mlango mmoja: hodi ikipigwa, kila mwenye chumba huulizwa kama mgeni ni wake. Keneli huziuliza draiva (programu zinazoendesha vifaa) zote zilizojiandikisha kwenye laini ile. Zote zikikana, keneli huanza kuhesabu. Katika interapti 100,000, zisizo na mwenyewe zikipita 99,900, huifunga laini ili prosesa isimalize nguvu zake zote hapo.

Kwa hiyo ujumbe ule ni kinga. Mashine inaendelea, ila kila kifaa cha laini ile, hata kisicho na hatia, hakisikiki tena sawasawa. Ndiyo sababu diski hujikokota ilhali yenyewe nzima.

Chini ya lile lundo kuna neno handlers na majina ya sehemu za draiva, pengine usb_hcd_irq ya USB. Watu huyasoma kama majina ya wakosaji. Hizo ni draiva zilizoulizwa zikakana, basi. Mchokozi anaweza kuwa mmoja wao, au kifaa ambacho hakina draiva kabisa. Andika nambari ya laini, kisha tumia amri ya lspci -v, inayoorodhesha vifaa vya PCI, uone ni vifaa gani vingine vinaitumia. Na kukuta viwili au vitatu pamoja si kosa: PCI iliundwa tangu mwanzo vifaa vishirikiane laini zake nne.

Kabla hujalaumu kingine, angalia kama lspci inataja chipu ya ASM1083. Ni daraja kati ya sloti ya PCI ya zamani na PCI Express, mrithi wake, nayo imo kwenye mazabodi nyingi za mitumba. Katika PCI Express hakuna waya wa interapti; hutumwa ujumbe wa kuinua laini na mwingine wa kuishusha. Chipu hii inajulikana kwa kuupoteza ule wa kushusha. Laini hubaki juu, prosesa huitwa mfululizo, na kila draiva ikitazama kifaa chake haioni kazi. Dawa yake ni kuing'oa kadi iliyo kwenye sloti ya PCI na kuweka ya PCI Express. Kadi ya mtandao ya namna hiyo ni nafuu kuliko mazabodi, na mazabodi mpya yenye chipu ileile itakurudisha palepale.

"Ongeza irqpoll, pci=nomsi, noapic na acpi=off, mambo yatatulia."

Haya ni maneno ya kumwongezea keneli wakati wa kuwasha mashine. irqpoll hutajwa na keneli yenyewe, na kwa usiku mmoja inaweza kukuokoa. Lakini inamaanisha kuzikagua draiva zote kila mara saa ya ndani ya mfumo inapogonga. Mashine itapungua kasi, na chanzo kitabaki. Hizo nyingine zinahitaji tahadhari zaidi. noapic hukurudisha kwenye laini 16 za zamani. acpi=off humnyima keneli maelezo ya BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha mashine) kuhusu laini ipi inakwenda wapi. pci=nomsi ndiyo kinyume kabisa cha unachotaka: MSI, njia mpya ya interapti, humwezesha kifaa kuandika ujumbe wake kwenye anwani maalumu bila kushirikiana laini na yeyote, na wewe unaizima ukikirudisha kifaa kwenye msongamano. Kama ni lazima ujaribu, weka moja tu, washa upya, tazama.

"Nambari kwenye /proc/interrupts ni kubwa mno." Faili hilo huhesabu interapti za kila laini. Mstari wa LOC ni saa ya prosesa, mamilioni pale ni kawaida. Tazama mstari upi unakimbia wakati mashine haina kazi.

"Futa kila kitu, sakinisha upya." Ukisakinisha keneli ileile juu ya kadi ileile, utapata ujumbe uleule na picha zako zimekwenda. Keneli mpya zaidi inafaa kujaribiwa, na haihitaji kufuta chochote.

"Ni chumvi ya bahari tu."

Hapa pana ukweli nusu. Upepo wa bahari huleta unyevu wenye chumvi hadi ndani ya vyumba, na kutu kwenye sloti huweza kuharibu mguso wa kadi. Lakini kasoro ya mguso kwa kawaida hubadilika: ukiisogeza kadi huja au huondoka, na dmesg huweza kuonyesha makosa ya PCI Express yaliyosahihishwa. Kasoro ya BIOS au ya chipu huelekea kurudi kwenye laini ileile. Zima mashine, chomoa waya wa stima, safisha mguso kwa spiriti ya aisopropili na uache ikauke kabisa. Ufutio wa shule uache, unakwangua dhahabu.

Jaribu pia kuzima ndani ya BIOS vifaa usivyotumia, kama sauti au poti ya printa ya zamani. Kusasisha BIOS huponya kesi kadhaa, ila usithubutu bila UPS (betri ya akiba) iliyojaa: stima ikikatika katikati ya kuandika, hapo mazabodi inaweza kufa kweli.