Jiwe la Manda na chokaa yake: maelezo kwa wenye nyumba na wachimbaji wa Lamu

Tangu masika yaishe, malalamiko yanayofika katika ofisi yetu ya uhifadhi wa urithi kutoka Mji wa Kale wa Lamu yanafanana. Ukuta unatoa chumvi, plasta inabambuka, boriti zimeanza kuoza pale zinapoingia ukutani. Tukienda kukagua, mara nyingi tunakuta ukuta wa mawe ya matumbawe uliokandikwa saruji. Mwenye nyumba hutueleza kwa nia njema kabisa kwamba alitaka uimarike.

Jiwe hilo hupumua. Ni mwamba uliojengwa na viumbe wa baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na limejaa vitundu. Unyevu hupanda kutoka chini, hutembea ndani ya ukuta, kisha hutokea nje kupitia chokaa. Saruji huziba njia hiyo. Maji yakikosa pa kutokea hubaki na chumvi yake, na chumvi ikikauka hutanuka na kulimung'unya jiwe kutoka ndani. Ndiyo maana ukuta uliopakwa saruji huonekana mzima kwa muda, kisha ukafunguka mapande. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado tunaambiwa kwamba chokaa ni ya maskini. Kuta za ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, zilijengwa kwa mawe haya haya na chokaa.

Wazee walitumia mawe ya aina mbili. La kwanza ni la nchi kavu, linalochimbwa kisiwani Manda hadi leo. Pale Maweni wachimbaji, wengi wao wakiwa wametoka bara, hulikata kwa mikono wakitumia sururu, mtaimbo na shoka, kisha hulishusha ufukweni lipakiwe majahazini kuja Lamu. Ni kazi ngumu juani, katika kisiwa chenye uhaba wa maji ya kunywa. Anayelalamikia bei ya jiwe la Manda angeenda kushinda timboni siku moja.

Jiwe la pili lilikatwa baharini likiwa bichi. Likiwa na maji huwa laini, fundi akalichonga kwa tezo. Likikauka huwa gumu. Kwalo vilichongwa mihirabu, miimo ya milango na mapambo. Kukata matumbawe hai sasa ni marufuku. Nasisitiza kwa sababu bado kuna mafundi wanaotuuliza kama “kipande kimoja tu” kinaruhusiwa. Hakiruhusiwi.

Chokaa nayo ilitoka kwenye jiwe hilo hilo la matumbawe. Magogo yalipangwa kwa duara, vipande vya matumbawe vikawekwa juu, moto ukawashwa. Kilichobaki kilizimwa kwa maji na kulazwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Ile laini kabisa, neru, ndiyo iliyong'arisha zidaka, yaani vishubaka vya kuta za ndani. Mchanga wa kuchanganyia usichukuliwe ufukweni kwa sababu ya chumvi, wala kwenye vilima vya Shela, kwa kuwa chini ya vilima hivyo ndiko yaliko maji matamu ya mji.

Sasa utaratibu. Kabla ya kubambua hata plasta, lete maombi ya maandishi, mchoro wa sehemu unayokusudia kuitengeneza na picha za hali ilivyo sasa. Eleza aina ya jiwe, chokaa na mbao. Mkaguzi atafika nyumbani kabla kazi haijaanza, na atarudi ukuta ukiwa wazi. Kibali kibandikwe mlangoni, mahali panapoonekana. Ukibadilisha fundi, tujulishe. Ukibadilisha mchoro, omba upya. Kibali cha ujenzi wa kawaida hakichukui nafasi ya kibali cha urithi, na kinyume chake ni hivyo hivyo. Kazi isiyo na kibali husimamishwa kwa maandishi, na anayeendelea baada ya hapo hufikishwa mahakamani.

Kwa wachimbaji: Manda ina magofu ya Takwa na ya mji wa Manda wenyewe, ulioanza karne ya 9. Jiwe lililochongwa lililo chini ya magugu si jiwe la bure, hata kama hakuna ukuta uliosimama karibu. Kulibomoa au kulihamisha ni kosa chini ya Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili. Ukifukua kaburi, vigae, shanga au msingi wa nyumba, simamisha kazi mahali hapo. Sheria inakutaka utoe taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa ndani ya siku saba, ukionyesha mahali hasa na namna ulivyovikuta. Kutoa taarifa hakukufanyi mkosaji. Hofu hiyo imetupotezea mengi, maana kigae kikishatolewa mahali pake hakituelezi tena kilikuwa cha nyumba gani.

Na wewe mwenye nyumba, mawe unayoyatoa ukutani usiyatupe wala kuyauza. Yapange uani hadi mkaguzi ayaone. Mengi yao yatarudi pale pale yalipotoka.