Kukaa mkononi vizuri si ushahidi

Juzi tena. Saa tano usiku simu inaita kengele ya WhatsApp, picha ya jiwe jeusi kwenye kiganja: "Shikamoo Dokta, nimeokota shoka la mtu wa kale, lina makali na linakaa mkononi vizuri kabisa." Marahaba mdogo wangu. Hiyo ya sita mwezi huu na bado tarehe kumi.

Jamani, hata kiazi kinakaa mkononi vizuri. Makali nayo, chupa ikivunjika si ina makali? Sisi wanaakiolojia hatuanzi na umbo, tunaanza na jiwe lilivunjikaje. Kibanzi kilichobanduliwa kwa pigo huwa na kinundu chini kidogo ya pale kilipopigwa, pitisha kidole gumba utakisikia, na vimawimbi vinavyosambaa kutoka hapo, na jiwe mama linabaki na kovu lake. Hilo rahisi.

Sasa wale waliosoma soma kidogo ndo wananimaliza: kina kinundu, basi zana! Hapana bwana. Maporomoko, mto uliofurika, mawe yanayogongana, yote hubandua vibanzi na vingine vina kinundu safi tu. Ila mto hauna mpango, unagonga popote, kovu hili bichi lile limelika, kingo zimesagika pande zote. Mgongaji, yaani mtu anayechonga zana, anatafuta pembe isiyofika digrii 90, anabandua, anageuza, lile kovu la kwanza analifanya pa kupigia la pili, hivyo hivyo mpaka jiwe linamwishia. Tunasoma huo mfuatano, na kwenye jiwe moja haunitoshi, niletee hamsini za sehemu moja. Hata mzee Louis Leakey, mwanaakiolojia maarufu, na ujuzi wake wote wa Oldupai, lile bonde la zana za kale kaskazini mwa Tanzania, kule Calico, California, miaka ya 1960 alishikilia kwamba mawe yale ni zana, na wengi kwenye fani mpaka leo wanasema ni mawe tu yaliyogongana yenyewe.

Halafu mahali. Pale Oldupai vipande vya kwatziti, jiwe gumu la kilima cha Naibor Soit, vimelala kwenye udongo laini wa kando ya ziwa la zamani, maji yaliyoleta udongo ule yasingeweza kubeba mawe yale, na pembeni kuna mifupa yenye alama za kukatwa. Nani kayaleta? Ndo maana ukishalitia mfukoni nusu ya ushahidi umeiacha porini.

Na sisi wenyewe tunababaika, tusidanganyane. Kwatzi nyeupe inavunjika hovyo, mara nyingi kinundu hakionekani kabisa, nina mfuko umeandikwa "labda" na kila mwaka unazidi kujaa. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba nyani wadogo wa Serra da Capivara, Brazili, wanagonga mawe na kutoa vibanzi vyenye makali kama vyetu, na wala hawavitumii! Niwekee vile mezani bila kuniambia vimetoka wapi, sina hakika ningevikataa.

Yule kijana nilimjibu asubuhi, maana kwenye picha kinundu kilionekana kweli, kizuri, na kovu juu yake bichi kabisa. Nikamuuliza kaokota wapi. "Hapa site Dokta, kwenye kokoto walizomwaga jana."

Kresha, mashine ya kuponda mawe.