Kijana Akitolewa Gego la Mwisho, Siku ya Tatu Ndiyo ya Kuangaliwa

Shule zikifungwa mwezi Juni na Desemba, kliniki za kinywa na meno hapa Dodoma huanza kupokea vijana wa kidato cha tano na cha sita waliovumilia maumivu bwenini wiki nyingi, wakimeza panadoli na kusubiri likizo. Kijana anafika shavu limevimba, kinywa kinafunguka upana wa kidole kimoja tu, na mzazi anasema, "Daktari, ana jino bovu." Ukiangalia mara nyingi hukuti jino lililooza. Ni gego la mwisho, lile linaloota nyuma kabisa kati ya miaka 17 na 25, limekosa nafasi kwenye taya.

Likikosa nafasi hulala ubavu au hujitokeza nusu, na nusu iliyobaki hufunikwa na ufizi. Chakula kikiingia chini ya ufizi huo hakitoki, mswaki haufiki, na bakteria huzaliana humo. Ndiyo maana maumivu huja, huondoka, kisha hurudi mtihani ukikaribia, kijana akiwa amechoka na halali vizuri.

Niseme mapema kwamba si kila gego la mwisho ni la kung'oa. Uingereza, kwa mfano, ilitoa mwongozo mwaka 2000 kuwaelekeza madaktari waache kuyatoa magego ya mwisho yasiyo na tatizo, na mimi naukubali. Ufizi ukivimba kwa mara ya kwanza, mara nyingi inatosha kuusafisha vizuri na kumfundisha kijana kupiga mswaki hadi nyuma. Lakini uvimbe ukijirudia, jino likioza au likianza kuliharibu la jirani yake, usivute miaka. Kwa kijana mizizi huwa haijakomaa na mfupa bado una ulaini, hivyo kazi ni nyepesi na kidonda hupona upesi kuliko kwa mtu wa miaka 35. Tena chini ya magego ya taya la chini hupita mshipa wa fahamu unaoleta hisia kwenye mdomo na kidevu, na jinsi mizizi inavyorefuka ndivyo inavyousogelea. Kwa hiyo usikubali gego lililolala ling'olewe bila picha ya eksirei. Ukiwa Mpwapwa, Kondoa au Manyoni na kituo chako hakina mashine hiyo, omba rufaa. Mjini Dodoma kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Kuna wazazi wanaokubali jino la chini litolewe lakini wanakataa la juu, kwa kuogopa kwamba kijana atapofuka au atapata shida ya ubongo. Mishipa ya jino haiendi kwenye jicho. Usaha ulioachwa ukakaa kwenye jino la juu ndio unaoweza kusambaa kuelekea huko.

Kabla ya siku yenyewe, mweleze daktari kila ugonjwa alionao kijana: pumu, vidonda vya tumbo, kifafa, mzio wa dawa yoyote. Kama ana seli mundu, au kuna ndugu ambaye akijikata damu huchelewa kuganda, lisemwe hilo kwanza kabisa. Halafu nakuomba jambo ambalo wazazi wengi halijawakalia vizuri: toka nje dakika tano umwache mwanao na daktari. Sigara, shisha na vidonge vya uzazi wa mpango huongeza uwezekano wa kidonda kukataa kupona, na kijana hatayataja hayo mama au baba akiwa amekaa pembeni. Hatutafuti kesi. Tunataka kujua tunatibu kinywa cha namna gani. Kama hajatimiza miaka 18, utarudi ndani usome fomu ya ridhaa na kuitia saini.

Kama atachomwa sindano ya ganzi ya kawaida, ale kifungua kinywa cha kutosha. Wengi huja na njaa wakidhani ndiyo kanuni, kisha wanazirai kwenye kiti. Kufunga ni kwa anayelazwa usingizi tu, na huyo atapewa saa zake na daktari.

Usimwambie kijana kwamba hatasikia kitu. Sindano ataisikia kama kichomo kinachodumu sekunde chache. Baada ya hapo atasikia kusukumwa, kukandamizwa, na mlio wa mashine karibu na sikio, na mlio huo humtisha kuliko kitu kingine chochote. Maumivu makali hatakiwi kuyasikia. Akiyasikia ainue mkono wa kushoto, daktari ataacha na kuongeza ganzi. Kijana aliyeambiwa ukweli nyumbani hutulia kitini kuliko aliyedanganywa.

Akitoka atakuwa ameuma gozi, yaani kipande cha kitambaa safi cha hospitali. Aiume kwa nguvu, kinywa kimefungwa, kwa nusu saa mpaka dakika 45, bila kuifungua kila mara ili aone. Damu ikiendelea kutoka, kunja gozi safi, ilowanishe kidogo, aiume tena nusu saa. Mate yenye rangi ya waridi usiku wa kwanza si hatari. Tandika kitambaa cha zamani juu ya mto na umpe mito miwili ili kichwa kiinuke. Msirudi nyumbani kwa bodaboda siku hiyo, anaweza kupata kizunguzungu. Ganzi ya mdomo hukaa saa kadhaa, na katika muda huo asipewe chai ya moto wala chakula cha kutafuna, maana atajiunguza au atajing'ata mdomo bila kujua.

Kinachomponya ni donge la damu linaloganda ndani ya pengo. Donge hilo ndilo kigaga cha kidonda kile, na likitoka mfupa unabaki wazi. Kwa saa 24 za kwanza asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, asinywe soda kwa mrija, asivute sigara. Mate yakijaa ayameze, au ainamishe kichwa yadondoke yenyewe. Meno mengine apige mswaki taratibu jioni ileile. Kesho yake ndipo aanze maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, kila baada ya kula na kabla ya kulala, akiyageuza kinywani polepole.

Shavu litavimba, na wazazi huogopa kwa sababu uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, wakati wao walitegemea uwe umepungua. Siku ya kwanza gandisha chupa ndogo ya maji, izungushie khanga, aiweke shavuni dakika 20 na kupumzika dakika 20. Barafu tupu isiguse ngozi. Baadaye kitambaa cha maji ya vuguvugu humsaidia kulegeza taya.

Chakula hakitutatizi huku kwetu. Uji mwepesi wa ulezi uliopozwa, kwa kijiko au kwa kikombe, mtindi, parachichi, viazi vya kuponda, mayai, mtori. Siku ya tatu au ya nne ugali laini kwa mlenda hushuka bila kazi, akitafunia upande usio na kidonda. Karanga, bisi, muwa, nyama choma na pilipili vingoje wiki moja hadi mbili. Na maji anywe mengi, hasa miezi hii ya upepo na vumbi. Kinywa kikikauka kidonda huuma zaidi.

Sasa siku ya tatu. Maumivu ya kawaida huwa makali siku ya kwanza, kisha hushuka kila siku. Yakishuka halafu yakapanda tena kati ya siku ya pili na ya tano, yakakimbilia sikioni, dawa zikashindwa kuyatuliza na kinywa kikatoa harufu mbaya, basi donge limetoka. Mrudishe kliniki. Tutasafisha pengo na kuweka dawa ndani, na mara nyingi hupata nafuu siku hiyohiyo. Hapa mzazi asimwambie mtoto avumilie, wala asimwite mdekaji. Hiyo ndiyo sababu nashauri jino litolewe Jumatatu au Jumanne: siku ngumu iangukie wakati kliniki iko wazi, isiwe Jumapili.

Kuna kosa naliona mara kwa mara, na linatokana na upendo. Mama anamulika kwa tochi ya simu, anaona kitu cheupe chenye unjano kwenye pengo, anadhani ni usaha. Anachukua pamba na spiriti, anasugua. Kile cheupe ni utando wa kidonda kinachopona. Ukikisugua umelitoa donge kwa mkono wako. Kama maumivu yanapungua na hakuna homa, zima tochi. Na chochote cha kuweka ndani, iwe ugoro, kitunguu saumu, mafuta ya taa au kidonge kilichosagwa, kisiingie. Vinaunguza ufizi.

Dawa za maumivu atumie zilizoandikwa, kwa kipimo kilichoandikwa. Asipewe aspirini, huzuia damu kuganda. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au shida ya figo asinunuliwe brufeni wala diklofenaki bila daktari kujua. Antibayotiki si ya kila mtu anayeng'olewa jino. Kama hajaandikiwa, usiende duka la dawa kumwongezea amoksilini "kwa usalama". Kama ameandikiwa, amalize.

Dalili hizi hazingoji asubuhi: damu isiyokoma baada ya kuuma gozi saa nzima, uvimbe unaoshuka chini ya kidevu au shingoni, kushindwa kumeza mate, sauti kubadilika, kupumua kwa shida, homa inayopanda. Uvimbe wa shingo unaweza kuziba njia ya hewa, na huyo apelekwe hospitali usiku huohuo. Mdomo au kidevu kikibaki na ganzi siku ya pili, mjulishe daktari. Mara nyingi mshipa hurudi wenyewe baada ya wiki au miezi, lakini tunataka kuufuatilia.

Kwa wa bweni, usimpandishe basi la kurudi shule siku ya pili hata kama anasisitiza. Akae nyumbani walau wiki, mpaka siku ya hatari ipite na nyuzi zikaguliwe, kama alishonwa nyuzi zisizoyeyuka. Akirudi, apeleke barua kwa matroni au patroni ikieleza mambo manne: apate uji na chakula laini, apate maji ya uvuguvugu na chumvi kila baada ya kula, asicheze mpira wala kubeba mizigo mizito mpaka tarehe aliyoandika daktari, na namba ya simu ya mzazi ya kupigiwa shavu likivimba upya. Ufizi hufunga pengo kwa wiki tatu hadi nne hivi, na mfupa huchukua miezi kujaa. Katika muda huo punje za wali zitaingia shimoni, na atazitoa kwa kusukutua. Asitumie kijiti.