Kituo cha tano kiwekwe wapi?

Kwa miezi kadhaa tulipima oksijeni majini karibu na Dunga, ufuo wa wavuvi wa Kisumu kwenye Ziwa Victoria, na kila karatasi ilirudi na habari njema. Wavuvi wakatucheka. Wao walikuta samaki wakielea alfajiri. Sisi tulifika saa nne, chai tumeshakunywa, jua limeshawaka. Mashine haikuwa na kosa. Mwani hutoa oksijeni penye mwanga, ila usiku nao huitumia kama viumbe wengine, ndiyo maana maji huishiwa pumzi karibu na mapambazuko. Hata tungechota sampuli elfu za saa nne, tusingeuona upungufu huo.

Kwa hiyo kwenye vikao vya bajeti ya kupima maji ya Ghuba ya Winam, ghuba ya ziwa hilo ilipo Dunga, mtu akiomba kituo cha tano cha vipimo, mimi huuliza kitatuambia nini ambacho vile vinne havijasema. Chukua vituo viwili jirani, vipimo vyao vikipanda na kushuka pamoja kwa uwiano wa 0.9, ambapo 1 ni kwenda sambamba kabisa na 0 ni kutohusiana. Varianci ya wastani wao, yaani kiasi unachoweza kuyumba, huwa pungufu kwa asilimia 5 tu kuliko ya kituo kimoja. Vingekuwa havihusiani, ingepungua kwa asilimia 50. Ni sawa na kumhoji shahidi, kisha kumhoji jirani aliyesimuliwa na shahidi yuleyule.

Sisi hugawa ghuba kwa kanda: midomo ya mito Nyando na Sondu-Miriu, ufuo wa mji wa Kisumu unakoingia mto Kisat, maji ya wazi, na mkondo wa Rusinga ambako ghuba hukutana na ziwa kuu. Kanda inayobadilikabadilika hupewa sampuli nyingi, iliyotulia chache. Nyando ina mambo yake. Mvua ikipiga milima ya Nandi, mto hushuka tambarare ya Kano ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, na siku chache za namna hiyo huweza kubeba tope kuliko miezi ya kiangazi. Ratiba ya kila Jumatatu itazikosa. Pale anahitajika mkazi wa kando ya mto, mwenye chupa safi nyumbani, anayechota mto unapopanda.

Oksijeni sasa tunaipima kwa kifaa kilichofungwa kwenye boya, kinachoandika usiku kucha. Shida ni magugumaji. Upepo ukigeuka huliburuta boya na nanga yake, na nahodha hushinda asubuhi nzima akilitafuta. Petroli hiyo nayo tumeiombea bajeti.